Mmea Usio na Vumbi

Kidole chake kilikuwa kimezama kwenye udongo wa chungu, kikipima kama unyevu wa chini umekauka, aliposikia ufunguo ukizunguka getini. Mumewe hakuwa na kawaida ya kurudi asubuhi, na akirudi ghafla huwa kuna neno.

Kumbe ni mama mkwe, mkoba kwapani, amekuja siku ambayo si yake. Geti lile hufungwa kwa nje kila mumewe anapokwenda kazini, kwa usalama, kama anavyosema mwenyewe, na ufunguo wa akiba anao mama yake tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usihangaike na chai. Nimekuja kuuona mmea."

Hilo halikumshangaza. Katika familia ile kila mtoto wa kiume akioa, mama mkwe hukata kipande cha mmea wake wa zamani, ule wa sebuleni wenye majani mapana kama sinia na matundu katikati, akakipanda kwenye chungu na kumkabidhi bibi harusi mbele ya watu. "Utunze, mwanangu. Nitakuwa nakuja kuutazama." Na kweli huja.

Wake wa shemeji zake walikuwa hawana habari. Mmoja alimwagilia alipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kwa nadra, mmea ukafa kwa kiu. Wa pili aliuacha kwenye jua kali akaenda kwa dada yake kupiga soga, akarudi majani yameungua yote. Mama mkwe aliwasema bila kumung'unya maneno, akawaita wavivu wa kupindukia, nao wakacheka mpaka machozi huku wakimpakulia chakula. Hawakuwa na haya wale.

Yeye haya alikuwa nazo. Mmea wake ulikuwa umepanda gongo lake la kuegemea, umekula nusu ya sebule na kuziba dirisha. Kila asubuhi alifuta majani kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, juu na chini. Aligeuza chungu ili upande mmoja usiunyime mwingine mwanga. Mizizi iliyoning'inia hewani aliielekeza udongoni taratibu, kama anayemsuka mtoto nywele. Wakati mwingine aliuongelesha. Angeongea na nani mwingine? Simu alikaa nayo mumewe, marafiki walishaacha kubisha hodi, na bwawa alikokuwa akifundisha watoto kuogelea alilisikia tu kwa mbali, upepo ukivuma upande wake.

Kwamba alitaka kuondoka, alijua yeye na Mungu wake. Lakini amwambie nani, na nani amwamini? Mumewe akiwa nje ni asali tupu. Siku moja wakiwa mezani alimwambia, tena kwa upole, "Mama akiona mmea umestawi, anajua na sisi tumestawi. Usinitie aibu."

Basi akashika hapo. Maadamu majani yanang'aa, hakuna atakayeuliza zaidi. Nyumba njema si mlango, sawa, lakini ni wageni wangapi huvuka mlango? Alijifariji hivyo, akazidi kufuta.

Sasa mama mkwe aliuzunguka mmea polepole. Hakuketi.

"Hakuna jani lililonyauka?" Huuliza hivyo kila akija.

"Hata moja, mama."

Lilikuwepo. Jani dogo la chini lilikuwa limeanza umanjano, naye alilikata alfajiri kabla mumewe hajaamka, akalisokomeza mfukoni mwa gauni. Alilisahau humo. Sasa alilihisi likimkwaruza pajani.

Mama mkwe akapitisha kidole juu ya jani kubwa, akakitazama. Hakuna vumbi. Akakipitisha chini yake. Hakuna. Akashusha pumzi, ile pumzi yake ya siku zote, ambayo mkwe mtu aliichukulia kuwa wivu wa mkubwa aliyezidiwa na mdogo. Leo ilikuwa nzito zaidi.

"Una nini hapo mfukoni?"

Akalitoa jani, maneno yakamtoka mbiombio: maji yalizidi kidogo, ni kosa lake, halitatokea tena, tafadhali mama asimwambie mwanawe.

"Nisimwambie habari ya jani moja?"

"Tafadhali, mama. Nakuomba sana."

Mama mkwe hakulitazama tena jani. Alitazama mikono mirefu ya gauni, iliyovutwa mpaka vidoleni siku ya joto kama ile. Akaketi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, akamvuta mkwewe aketi karibu yake. Yule binti akainamisha kichwa kungoja maneno makali, kwa maana kama wavivu walisemwa vile, mwongo je?

"Wenzio mimea yao ilipokufa," mama mkwe alisema, "niliwatukana mbele za watu, nikarudi nyumbani nikamshukuru Mungu. Mwanamke mwenye raha zake anasahau kumwagilia."

Binti hakuelewa. "Lakini mama, wa kwako..."

"Wangu unagusa dari, mwanangu. Vaa viatu. Teksi inatungoja nje."