Fimbo Ndani ya Samadi

Mwaka jana Nyamizi alimwaga mavi mabichi ya ng'ombe kwenye bustani ya mama mkwe wake, Bi Tabu, akidhani anamsaidia. Mchicha wote ukaungua. Bi Tabu hakumgombeza hata neno moja. Alianza tu kulima peke yake, na ukimya huo ulimchoma Nyamizi kuliko matusi.

Leo asubuhi, ubaridi ukiwa haujaisha, Bi Tabu alisimama kando ya lundo la samadi akijishika kiuno. Miche yake ya nyanya chungu ilikuwa chini, imeanza kulegea. Majirani wote walishapanda.

"Chomoa hiyo fimbo," alisema. "Uniambie kama samadi imeiva."

Fimbo ilikuwa imechomekwa humo tangu jana. Nyamizi aliichomoa, akaigusisha shavuni. Ilikuwa na vuguvugu kidogo tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Samadi iliyoiva haina joto. Angeweza kusema imepoa, wakapanda pamoja leo hii.

"Bado, mama. Tuiache wiki tatu."

"Na miche yangu?"

"Hii itakufa. Nitakuoteshea mingine."

Bi Tabu aliichukua fimbo, akaiweka kwenye shavu lake, akafumba macho. Kisha akamrudishia.

"Ichomeke tena, mwanangu. Halafu lete mbegu, tukasie sote."

Nyamizi aliinama juu ya lundo. Kwenye tundu la fimbo mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda, na hakuwa na haraka ya kuliziba.