Barua ya Wingi

Hivi, mjukuu wangu, umewahi kuitwa kwa wingi na mtu uliyetaka akuite peke yako?

Siku hizi barua hatuisomi kwa macho. Inasomwa na mashine ya ukutani, nayo imekatazwa maneno yaliyozeeka; ikikuta la kale inaweka la leo. Babu yako Nhonoli alikuwa mwalimu, mapenzi aliyaandika kwa Kiingereza, Kiswahili alikitumia kuombea chumvi. Mimi niliishia darasa la nne. Alipohamishiwa Tunduma akaniletea barua, nikaiinua mbele ya mashine, mikono ina unga wa muhogo. Ikaigeuza Kiswahili, ikasoma: "Nawapenda ninyi. Njooni."

Ninyi, yaani mimi na mke mwenzangu Mbuke. Nikasema sisi si mbuzi, hatuitwi kwa kundi. Sikwenda. Akafia hukohuko.

Jana mzee Lugembe, aliyekuwa akifundisha Kiingereza, alikuja kunywa uji, akaisoma ile karatasi kwa macho yake.

"Mama Sifa, nani kakwambia ninyi? Hapa ameandika *thee*. Ni neno la kale la kumwambia mtu mmoja, Mungu au mpenzi. La leo, *you*, ndilo lisilojua mmoja na wengi; mashine imeliweka hilo, ikachagua wengi."

Mbuke alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Kumbe nilifunga mizigo bure, nikikungoja wewe ukubali."

Uji wangu ulishaganda utando juu.

"Nilitaka kwenda, Mbuke," nikamwambia. "Nilitaka kwenda peke yangu."