Kadi ya Feni Mbili

"Ni ya mwanao?" aliuliza muuzaji, akiweka sanduku lingine juu ya kaunta.

"Ni yangu," alijibu mshonaji, kwa sauti ya chini kama anayeulizia dawa ya ugonjwa wa siri.

Muuzaji alikohoa kidogo kuficha kicheko. Vijana wawili waliokuwa wakijaribu chaja waligeuka kumtazama: mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, uzi mwekundu umenasa begani, ananunua kadi ya grafiki ya kuchezea gemu. Alihisi masikio yakimchoma. Akainamia simu yake.

"Ananipa kubwa, ya feni tatu," aliandika. "Anasema hiyo ndiyo kiboko."

Jibu lilikuja papo hapo. Kobe hakuwa na kawaida ya kumngojesha.

"Kiboko ya mfuko wako. Tena pawa saplai uliyonayo haitatoa umeme wa kuitosha. Mwambie akupe ya feni mbili, yenye giga nane. Gemu yetu itacheza humo bila kukwamakwama."

Kobe lilikuwa jina la kikundini tu, huko mtandaoni ambako wachezaji wa gemu walisaidiana kwa ujumbe. Binti wa mshonaji ndiye aliyemwingiza, shingo upande, baada ya kuombwa mpaka akachoka.

"Muulize Kobe, ana subira," alimwambia. "Lakini usijitambulishe, mama. Akijua anaongea na nani, atatoka, na hutampata tena."

Basi akajiita Sindano, akajifanya kijana wa sekondari. Alipoulizwa kwa nini hatumi sauti, alisema maikrofoni yake mbovu. Alipoulizwa somo gani linamsumbua, alitaja hesabu, kwa kuwa angalau hilo lilikuwa kweli enzi zake. Kobe hakumcheka. Alimwandikia kwamba hata yeye hesabu zilimtoa jasho, kisha akaanza kumweleza sehemu, polepole, kwa mifano ya kukata keki. Mshonaji alizima simu katikati ya maelezo, akakaa na gauni la mteja mapajani, asiweze kutunga uzi.

"Nipe hii ya feni mbili," alimwambia muuzaji sasa.

"Hii? Mama, hii ni ya wanaoanza."

"Ndiyo naanza."

Mmoja wa wale vijana alicheka waziwazi. Mshonaji alitoka na mfuko wake bila kungoja mhuri wa dhamana, ikabidi muuzaji amkimbilie hadi mlangoni.

Nyumbani, kasha la kompyuta lilikuwa limelala wazi juu ya meza ya kukatia vitambaa, vipuri vingine vyote vikiwa vimeshakaa mahali pake. Kilichobaki ni kadi. Alivaa hedifoni ya simu, Kobe akapiga, na sauti yake ikaingia masikioni, karibu kabisa.

"Ishike pembeni, Sindano. Usiguse yale meno ya dhahabu. Sukuma mpaka usikie 'ka'."

Vidole vyake, vilivyozoea kutunga uzi hata gizani, viliishika pembeni. Alisukuma. Akaandika kwa kidole kimoja, "Imelia ka."

"Safi. Washa."

Aliwasha. "Feni za kadi hazizunguki," aliandika. "Nimeiua?"

"Hujaua kitu. Zima kwanza. Umeichomekea waya wake wa umeme?"

Hakuwa ameuchomeka. Ulikuwa unaning'inia pale pale mbele ya macho yake.

"Sote tunausahau huo," alisema Kobe. "Mimi pia niliusahau, mashine yangu ya kwanza. Nilivyoiunga, kwa vipuri vya kuokoteza, nilidhani nimeunda ndege."

"Ikawaje?" aliandika mshonaji. Akataka kufuta, lakini ujumbe ulikuwa umeshakwenda.

Alisikia kiti cha Kobe kikisogezwa upande wa pili.

"Iliharibika," alisema Kobe. "Chomeka waya, tuendelee."

Alichomeka waya, akabonyeza, akafumba macho. Alipoyafumbua, feni zote mbili zilikuwa zikizunguka, na skrini imewaka.

"Imewaka," aliandika.

Kobe aliangua kicheko, kicheko cha kujiachia, cha mtu aliyesahau yuko kazini. "Umeweza, Sindano. Nilikwambia utaweza. Kuanzia leo uko timu yetu. Nikitoka kazini tunaingia wote, nitakukaa ubavuni mpaka uzoee. Hakuna atakayekugusa."

Mshonaji aliyapima kichwani maneno aliyotaka kuandika. Kisha akaandika mengine.

"Asante, kaka."

Akavua hedifoni, akaishikilia kifuani kwa mikono miwili. Kicheko kile hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba hii tangu siku alipochukua nyundo akaiponda kompyuta ya mwanawe, na mwanawe akavaa viatu, akatoka, asirudi.