Macho ya Mzee Kipimo

Mzee wa safu ya tatu alilala dakika ya nne, na ilipofika dakika ya tano kitabu cha profesa kilikuwa kimeshakufa.

Profesa mwenyewe hakuwa na habari. Aliendelea kusoma pale jukwaani, huku kamera ikipita taratibu juu ya watazamaji na kumnasa mzee: kidevu kifuani, mikono tumboni, tabasamu la mtoto aliyeshiba. Kwenye simu, nchi nzima ilikuwa imeshatoa hukumu.

"Kitabu sijakisoma, lakini mzee amelala. Basi kibovu."

"Jicho la kushoto limefumba, la kulia bado linajadiliana."

"Limefumba! Mpeni profesa nauli arudi kwao!"

Fundi, mshonaji wa sare za shule, aliyasoma hayo juu ya bega la wifi yake, uzi ukining'inia mdomoni. Waandishi watatu ndio waliobaki kwenye shindano la vitabu la televisheni. Wiki iliyopita alisoma nesi, leo profesa. Jumamosi ijayo ilikuwa zamu yake yeye.

Tangu watu wambatize yule mzee jina la Mzee Kipimo, habari za vitabu zilikwisha. Jaji mmoja alijaribu kusifia lugha ya nesi. Mtandaoni wakamwambia anyamaze, mzee ndiyo kwanza anaanza kukoroma. Nesi akaambulia kura za ndugu zake, na si wote. Mzee alipopigwa picha mlangoni akinunua fotokopi ya kitabu cha nesi, na leo, baada ya kipindi, ya kitabu cha profesa, watu walilia kwa huruma: "Oneni utu! Wamemchosha mpaka akalala, na bado anawaungisha!"

"Wifi," alisema wifi yake, akiweka simu chini. "Nikwambie ukweli au nikufiche?"

"Nifiche."

"Kitabu chako kina kurasa kumi na mbili za mvua."

"Si mvua tu. Kuna mama anamsubiri mwanawe."

"Na mzee anasubiri nini, mto wa kulalia? Mvua, bati, blanketi! Mimi mwenyewe uliponisomea nilisinzia na kikombe mkononi. Nguo yangu hii hapa, ina doa la chai mpaka leo."

Fundi aliutoa uzi mdomoni. Kitabu chake kilikuwa madaftari sita, yaliyoandikwa kwa miaka mitano, sentensi moja kati ya suruali na suruali, pasi inapopata moto. Mshindi angechapiwa kitabu na kupelekwa kwenye kila shule. Aliyeshindwa angerudi na madaftari yake chini ya cherehani, na panya nao wana hamu ya kusoma.

Lakini fundi ni fundi. Suruali ikiharibika, hutoa kaptula. Akashika kalamu kama anavyoshika mkasi.

Mvua ikaenda. Mama akaenda. Wifi alivuta kigoda akawa anaamuru kama mama mkwe jikoni.

"Hapa pamepoa. Tia nyoka."

"Nimeshatia."

"Tia wa pili. Huyo wa kwanza mpweke."

Wakatia majambazi, pacha wawili wanaogombania mume mmoja, na daraja linalokatika mara tatu. Fundi aliuliza daraja lililokwisha kukatika linakatikaje tena.

"Wewe kata tu," alisema wifi. "Mzee hatahesabu."

Jumamosi saa tisa alasiri, fundi alipanda jukwaani. Akasoma kwa sauti ya mtu anayefukuzwa na mbwa.

Nyoka wa kwanza, mzee akashtuka. Nyoka wa pili, akashika kiti kwa mikono miwili. Dakika ya nne ikapita, macho yakiwa wazi. Dakika ya saba aligeuka kulia, akageuka kushoto, akalegeza shati shingoni. Daraja lilipokatika mara ya tatu, chozi lilimtoka likashuka hadi kwenye masharubu.

Mtandao ukawaka moto.

"Hajapepesa! Dakika ya kumi na moja hajapepesa!"

"Analia jamani! Hiki ndicho kitabu!"

"Mimi nimezima sauti nimwone mzee vizuri. Sijawahi kukutana na kitabu kitamu hivi!"

Kura zilimiminika mpaka mtambo wa kuzihesabu ukagoma. Nesi na profesa kwa pamoja hawakufikia hata robo yake. Wifi alipiga vigelegele akasimama juu ya kiti. Aliposhushwa, akapanda cha jirani. Mwakilishi wa wachapaji akaja na mkataba, fundi akatia sahihi: madaftari sita yangekuwa kitabu, nyoka na daraja na vyote.

Kabla hata ya kupokea maua, aliteremka mbio hadi safu ya tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Nimekuja kukushukuru. Ulivyokuwa macho vile! Niambie basi, ni wapi hasa palipokukuna?"

Mzee alijifuta macho, mekundu kama pilipili. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta njia ya kusema bila kuumiza.

"Mwanangu, usingizi umenihama mwaka wa tatu sasa. Nyumbani silali, hospitali wameninyooshea mikono. Kuna dawa moja tu inayonilaza: kusomewa kitabu kizuri. Cha nesi, dakika tano tu nikawa nimezama. Cha profesa, nne!" Akamshika bega kwa upole. "Leo, mwanangu, hata kope hazikusalimiana."