Nani Mbuyi, Nani Kabanga

Uzi mwekundu ulikuwa unaelea peke yake ndani ya beseni, na watoto wote wawili walikuwa wameshatolewa majini.

Ntumba aliutazama uzi, kisha akatazama kitanda. Juu ya taulo walilala wanawe mapacha, uchi, wanang'aa mafuta, mmoja kama mwenzake mpaka mikunjo ya shingo. Uzi ule aliufunga mwenyewe mkononi mwa Mbuyi siku waliyotoka hospitali, maternité. Kwa watu wa Kasai hayo si majina ya kuchagua. Wa kwanza kuzaliwa ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, basi. Mbuyi hunyonya kwanza, hubebwa kwanza, na kesho, mbele ya ukoo mzima, ndiye angetolewa nje kwanza aimbiwe.

Sasa Mbuyi alikuwa nani?

"Mbuyi," aliita kwa sauti ndogo.

Mmoja akapiga chafya. Mwingine akamkojolea.

Nje, gari likapiga honi. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kasumbalesa.

Na Mama Mujinga hakuwa mama mkwe wa kuchezewa. Yeye naye alizaa mapacha: Aimé, mume wa Ntumba, na Gauthier, anayefanya kazi ya forodha pale mpakani, ambaye ndiye aliyemleta. Ndugu hao walifanana kiasi kwamba wakati wa uchumba Ntumba alishamkumbatia Gauthier zaidi ya mara moja. Lakini mama yao? Hakuna sherehe iliyopita bila kusimulia kwamba yeye hajawahi kuwachanganya, hata gizani, hata wakiwa na homa. Dada yake wa Katuba alipokosea mapacha wake, alimsema mbele za watu: "Hata mbuzi anajua batoto yake. Weye uliwaokota?"

Ntumba aliuchota uzi, akaufunga kwenye mkono uliokuwa karibu. Fundo halijakaza vizuri, mlango ukafunguka.

"Jambo, Mwa Mbuyi," alisema Mama Mujinga, akitamka taratibu jina hilo jipya la heshima, mama wa Mbuyi. "Unionyeshe wa kwanza."

"Iko huyu, mama."

"Uko na hakika?"

"Mie njo nilibazala, mama."

Bibi akavuta kiti. Aimé na Gauthier walikuwa wameingia nyuma yake, wakakaa bega kwa bega kwenye kochi kama watu wanaosubiri misa ianze. Mama Mujinga aliugusa uzi kwa kidole. Ulikuwa bado unadondosha maji. Akauvuta, ukatoka wote.

"Tutazame bila uzi," alisema. "Uzi ni ya bale habaone."

Moyo wa Ntumba ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Bibi akampakata mmoja. Akamnusa utosi, akamvuta sikio, akamgeuza kama mtu anayenunua boga. Akamchukua wa pili, akafanya vile vile.

"Mie, mapasa yangu, sikubakosea hata siku moja," alisema, bila kumtazama mtu.

Gauthier akakohoa. Aimé akaanza kuchunguza dari kwa makini sana.

"Njo huyu Mbuyi." Bibi alimwinua yule ambaye hakufungwa uzi. "Ulifunga uzi kwa Kabanga. Kwa nini unanibeshya, mwana?"

Ntumba hakuweza tena. "Mama, unisamehe. Iliponyoka mu maji. Nilitoka kubanawisha, sikuyua tena nani ni nani. Niliogopa utasema mie si mama."

Alisubiri habari ya mbuzi. Haikuja. Uso wa bibi ukalegea, akampangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Nyamaza. Ulizala juzi tu, macho itakuya pole pole. Ile yangu haiuzwe ku marché, lakini leo nimekukopesha."

Ntumba akacheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kujua kipi kimeanza. Wanawe walikuwa wamerudishiwa majina yao. Akaufunga uzi mkononi mwa Mbuyi wa kweli, fundo juu ya fundo, akambusu, akambusu na Kabanga asione wivu, na kama si aibu angembusu hata mama mkwe. Kwenye kochi ndugu wawili nao walicheka, mpaka Aimé akaficha uso nyuma ya mto. Ntumba aliwapenda sana kwa kufurahi naye namna ile.

"Bon, imeisha," alisema Mama Mujinga, akisimama na mtoto mikononi. "Sasa njaa. Hatutakula maneno."

Akamtazama Aimé usoni kabisa. "Gauthier, acha kucheka kama mutoto. Kalete makala tupike bukari."

Kisha akamgeukia Gauthier. "Na weye, Aimé, kuya ukamate mwana yako. Baba gani anakaa tu?"

Aimé akachukua ndoo ya makaa, akatoka. Gauthier akaja, akampokea Mbuyi vizuri, kichwa kwenye kiwiko. Hawakuwa hata wametazamana.

"Merci, mama," alisema Gauthier, akimkonyeza Ntumba. "Kweli, anafanana na mie kabisa."