Alhamisi ya Mafuriko

Kila Alhamisi, kwa amri ya serikali, watu wa bondeni walipanda kushinda kwa watu wa mlimani, wajizoeze kukimbia mafuriko mpaka kipaza sauti cha jioni kiwaruhusu kushuka.

Mzee Ngwale wa mlimani, aliyefiwa na mkewe kwenye mafuriko ya kweli, aliwatukana wakubwa huku akitandika mikeka. "Mke wangu anazama, wao wako semina! Leo ndio wanatufundisha kukimbia maji?"

Lakini mikeka aliianza alfajiri, na jogoo alikwisha kumchinja.

"Hodi, shemeji! Mafuriko yamefika!" Bi Sijaona wa bondeni aliingia na godoro kichwani, wakwe zake wawili nyuma, wamelowa mvua.

"Yamechelewa leo. Karibuni."

Walikula. Bi Sijaona akaonja, akakunja uso. "Shemeji, hii ni chumvi iliyotiwa mchuzi."

"Mkimbizi hachagui," alimjibu, na nyumba ile iliyozoea kikohozi chake peke yake ikajaa vicheko.

Jioni ilipita, kipaza sauti kimya.

"Mbona hawatuachii?" akauliza Bi Sijaona.

"Wamesahau. Kusahau ndiyo kazi yao."

Mzee Ngwale akaenda kuchungulia dirishani. Bondeni kote, katika mwanga hafifu uliosalia, maji ya udongo yalikuwa yametanda, na nyumba ya Bi Sijaona ilibaki bati tu. Moyo ulimshtuka. Kisha, taratibu, ukatulia, ukawa kama umeshiba.

Akashusha pazia.

"Kuna nini huko?"

"Giza tu, shemeji. Lete kikombe nikuongeze chai."