Taa ya Chumba cha Simu

Taa ya chumba cha simu ilikuwa inawaka tena, na mwenye chumba hakuwa na haja nayo hata chembe. Opereta alizaliwa haoni.

Mkuu wa utumishi alisimama mlangoni na barua ya onyo la tatu mkononi. Kampeni ya kubana umeme ilikuwa yake mwenyewe. Wafanyakazi walishambandika jina la Mama Swichi kwa jinsi alivyopita ofisi hadi ofisi akizima taa. Mkurugenzi alitaka kampuni isifiwe kwa mambo mawili mwaka huu: kutunza mazingira na kuajiri watu wenye ulemavu. Hilo la pili mkuu wa utumishi alikwisha kulijaza kwenye ripoti: mfanyakazi mmoja. Na huyo mmoja ndiye anayekuja kumfukuza leo. Makubwa haya!

Yeye ndiye aliyempigania opereta apate kazi. Tangu asubuhi hata chai haikumshuka.

Mwenye kosa alimjua, wala hakuwa na shaka. Si mwingine ila tarishi mpya, aliyewekewa meza humo miezi mitatu iliyopita. Kabla yake chumba kile kisicho na dirisha kilikaa giza siku nzima, na hakuna aliyelalamika. Siku ya usaili alimpenda yule bwana, maana hakumbandua macho usoni hata mara moja. Kumbe adabu ya siku moja. Sasa ukimwita kwa nyuma hageuki, utadhani umemwita jirani yake.

Aliwakuta wanacheka, tarishi akisimulia kisa, opereta akimtania. Akampa tarishi bahasha apeleke ghorofani, kisha akafunga mlango.

“Kaka, nisaidie nikusaidie,” alisema. “Sema taa anawasha yeye, barua hii naichana.”

“Nawasha mimi, mama.”

“Wewe? Ya nini?”

Opereta alipapasa waya wa simu. Mwisho akasema mwenzake ana watoto wanne, na kazi tatu alizopita walimtoa siku ile ile walipomjua. Zaidi ya hapo hasemi, siri ya mtu si yake.

Walimjua nini? Mwizi? Mkuu alihisi damu ikimchemka. Mtu mwema huyu anajitoa mhanga kwa ajili ya mhuni, na yeye ndiye atakayetia sahihi! Aliweka barua mezani, na opereta akaigusa kwa ncha za vidole, akaikunja mara mbili.

Tarishi akarudi, akasukuma mlango nyuma yake ukajifunga. Mkuu hakungoja hata salamu. Aliipiga swichi kofi, chumba kikawa giza totoro.

“Mwenzako anafukuzwa kazi kwa makosa yako,” alisema. “Una la kusema?”

Kimya. Alisikia pumzi za tarishi tu, pale pale karibu na mlango.

“Nasema na wewe! Hata huruma huna? Tamka neno moja tu, nimwokoe.”

Kimya vile vile. Mkuu machozi yalimlengalenga. Hajawahi kuona dharau ya namna hii maishani mwake.

Nyuma yake kiti kililia. Opereta alikuwa amesimama.

“Iwashe kwanza, mama,” alisema taratibu. “Gizani hasikii.”